Uzoefu wangu: ripoti ya jua iliyowafanya wapangaji wabandike maboksi kwenye vioo

Ninaandika haya nikiwa na hasira, kwa hiyo msomaji ana ruhusa ya kupunguza chumvi pale atakapoiona imezidi. Mimi ni msanifu majengo hapa Dar es Salaam, na huduma ninayoizungumzia ni ya kampuni moja ya washauri ambayo, kwa malipo, huliingiza jengo lako kwenye programu ya kuigiza matumizi ya nishati, kisha hukupa ripoti ya jua, joto na viyoyozi. Niliitumia mwaka juzi, au pengine mwishoni mwa mwaka uliotangulia, kwa jengo dogo la ofisi kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, ambalo vioo vyake vinatazama barabara, yaani magharibi.

Ripoti ilikuja imejalidiwa vizuri. Katika jedwali la Februari iliandikwa kwamba paa linapokea mionzi ya wati 210 kwa kila mita ya mraba, na ukuta wa magharibi wati 105. Nilishtuka, kwa kuwa jua la utosi la jiji hili, siku isiyo na wingu, hukaribia wati 1,000, na mtu yeyote aliyewahi kusubiri daladala Mwenge saa saba mchana hahitaji kipimo cha kumthibitishia. Niliuliza kwa adabu, mbele ya mteja wangu, namba hizo zimetoka wapi. Kijana aliyeiandaa ripoti hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Mzee, hayo ni mambo ya programu, usijisumbue nayo. Wewe tuchoree madirisha."

Nilinyamaza kwa sababu mteja alikuwa na haraka, na hapo kosa likawa langu pia.

Viyoyozi vilinunuliwa kwa kufuata ripoti. Chumba kimoja cha ghorofa ya pili, chenye mita za mraba 18 za kioo, kilifungwa mashine moja ya BTU 12,000, ambayo huondoa takriban kilowati 3.5 za joto. Wapangaji walipohamia, asubuhi walitetemeka kwa baridi, na kuanzia saa tisa alasiri walivua tai. Nilipokwenda kutazama nilikuta wamebandika maboksi ya karatasi za kuchapishia kwenye vioo, na fundi wa viyoyozi, akiwa juu ya ngazi, akaniambia, "Mkubwa, mashine ni nzima kabisa. Hebu weka mkono kwenye kioo." Niliuweka, nikautoa upesi.

Ndipo nilipopakua programu yenyewe, ambayo ni ya bure, nikakesha nayo siku kadhaa, nikagundua jambo lililoniaibisha kidogo: namba zilikuwa sahihi. Ukiomba matokeo ya mwezi, programu hujumlisha mionzi ya saa zote, usiku ukiwemo, kisha hugawanya kwa saa zote za mwezi, hivyo sifuri ya saa nane usiku ina uzito sawa na saa sita mchana. Zidisha 210 kwa saa 24, unapata kilowati-saa 5.04 kwa mita ya mraba kwa siku, kiasi ambacho kwa pwani yetu ni cha kawaida. Ukuta wa magharibi una hadaa zaidi, kwa sababu hata mchana wake ni nusu: asubuhi yote hupata mwanga uliotawanyika angani na ule unaorudishwa na ardhi tu, kisha mzigo wote huangukia saa chache za alasiri. Nilipoomba matokeo ya kila saa, siku moja ya Februari isiyo na mawingu ilinipa karibu wati 600 kwenye mstari wa 16:00, ambao nao ni wastani, wa kuanzia saa tisa hadi saa kumi.

Sasa fanya hesabu. Kwa kioo kinachopitisha asilimia 60 ya joto la jua, mita zile 18 huingiza takriban kilowati 6.5 kwa wati 600 hizo; kwa wati 105 za ripoti, hesabu hiyohiyo hutoa kilowati 1.1. Ni kweli kwamba joto hilo lote halifiki hewani papo hapo, kwa kuwa sakafu na kuta hulishika kwanza, lakini tofauti hiyo haifichiki. Namba ya kukadiria nishati ya mwezi mzima ilitumika kuchagulia ukubwa wa mashine, sawa na mtu achimbe mtaro wa Jangwani, bonde la hapa jijini linalofurika, kwa kupima wastani wa mvua ya mwaka.

Kwa hiyo programu naipa nyota tano bila kinyongo. Kampuni nilikusudia kuipa moja. Hata hivyo, nilipompelekea yule kijana majedwali yote mawili, alijibu baada ya siku kadhaa, safari hii akianza na "Shikamoo mzee", akakiri kwamba hakuwahi kuyafungua matokeo ya kila saa. Ungamo hilo lilinilainisha, nikapandisha hadi tatu. Kisha nikausoma ujumbe wake hadi chini, ambako iliandikwa kwamba marekebisho ya ripoti yatatozwa kama kazi mpya.

Nimerudi kwenye moja. Vikinga jua vya wima vya upande wa magharibi nimevichora mwenyewe, pamoja na madirisha.