Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama: nilikwenda na swali la baba

Dada yangu ameolewa Musoma, na miaka yote nilikuwa namsalimia kisha narudi zangu Bujumbura bila kufika Butiama. Safari hii nikasema hapana. Nilipanda daladala alfajiri, tukakata kona Makutano, na kabla jua halijawa kali nilikuwa Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu pale Butiama, kati ya yale mawe makubwa yaliyopandana.

Nilikuwa na sababu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Mazungumzo ya amani ya Burundi yalipoanza Arusha mwaka 1998, Mwalimu akiwa mpatanishi, redio ilikaa juu ya meza ya kukatia nguo, betri zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ikifika saa ya habari cherehani inanyamaza. Vikwazo vya biashara tulivyowekewa na nchi jirani mwaka 1996 vilikuwa vimempandishia bei ya kila kitu hadi uzi, kwa hiyo hakusikiliza kwa furaha. Swali lake lilikuwa moja tu: mzee aliyeng'atuka urais tangu 1985 (neno lenyewe ni la Kizanaki, la hapahapa kwao), hana jeshi wala hazina, atawaambia nini watu wenye bunduki?

Ndani kuna picha, kuna vitu alivyotumia, kuna zawadi alizopewa. Ukipita peke yako utamaliza upesi. Utamu uko kwa mwongozaji. Wa kwangu alikuwa kijana mpole, na hakuwa anakariri. Alianza na Desemba 1965, Tanzania ilipovunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) waliojitangazia uhuru wao wenyewe. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaishia hapo. Nikaanza kumjibu baba moyoni: mtu aliyekubali kukosa hela kwa ajili ya neno lake, akiita kikao watu wanakuja.

Kisha akaniuliza natoka wapi. Nikasema Burundi. Akanyamaza kidogo.

"Basi kaka, nyinyi mlikuwa kazi yake ya mwisho."

Tukakaa kivulini, tukaongea Arusha kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Wengi wanakumbuka siku ya kusaini tu, 28 Agosti 2000, Mandela na Clinton wakiwepo. Mimi naona ufundi ulikuwa kwenye zile kamati za mazungumzo. Ya kwanza ilipewa asili ya mgogoro wenyewe: kabla ya kugawana vyeo, kaeni mseme kwetu kulitokea nini. Vyama vya Wahutu na vya Watutsi, watu ambao nyumbani wasingepeana hata maji ya kunywa, wakabishana miezi na miezi juu ya historia moja. Waliomwona Mwalimu ana upande walikuwepo, na walisema wazi. Hata hivyo walirudi mezani, duru baada ya duru. Humo ndimo lilimotoka sharti kwamba jeshini hakuna kabila linalopita nusu. Kwa sisi tuliokua tukiogopa sare za askari, hilo si jambo la kwenye karatasi.

Mwalimu mwenyewe hakuuona mkataba ukisainiwa. Alifariki London, 14 Oktoba 1999.

Ukienda, tenga nusu siku na uombe mwongozaji tangu mlangoni. Vaa viatu vya kupandia mawe, na ongea kwa sauti ya chini, maana pale ni nyumbani kwa watu. Kaburi lake liko hapohapo, karibu na makaburi ya wazazi wake, Mtemi Burito na Mama Mgaya. Nilisimama pale peke yangu. Kulikuwa na mama mmoja anafagia majani, hakuniharakisha.

Nilipopanda juu ya jiwe nikapata mtandao, nikampigia mama yangu Buyenzi. Hakuuliza habari za picha wala zawadi. Aliuliza kama kaburi linatunzwa. Nikamwambia ndiyo mama, limefagiliwa sasa hivi.