Kliya ipi ununue kwa chambo bandia cha mbao, ukiwa kwenye baridi ya Nyanda za Juu

Julai ya mwaka jana nilipaka vyambo kumi na viwili vya mbao kliya, yaani mpako angavu wa kumalizia unaokinga rangi, kwa mkupuo mmoja, nikijiandaa kushuka Matema, Ziwa Nyasa, kutafuta samaki aina ya mbasa. Usiku wa Mbeya mwezi huo unaufahamu. Nami nilijua epoksi, kliya ya kuchanganya resini na hadena (kigandishi chake), haikauki vizuri kwenye baridi, kwa hiyo niliwasha jiko la mkaa ndani ya kibanda changu cha kazi, nikaacha dirisha wazi kidogo, nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta kila chambo kina utando mweupe, na ukikishika kinateleza kana kwamba kimepakwa mafuta ya kupikia. Magamba ya rangi niliyoyapulizia kupitia kipande cha chandarua, kazi ya jioni tatu, yalikuwa hayaonekani.

Kosa lilikuwa lile jiko. Mkaa unatoa hewa ya ukaa, nje kulikuwa na ukungu, na hadena ya epoksi hudaka vyote viwili kabla haijamaliza kushikana na resini. Ndipo utando unapojitokeza. Tangu hapo nimejaribu karibu kila kitu kinachouzwa kuanzia Mwanjelwa hadi Iringa mjini, na huu ndio mpangilio wangu. Vipimo ni viwili tu: inakauka kwenye hali ya hewa yetu, na inaelewana na rangi iliyo chini yake.

Hilo la pili ndilo linalowaumiza wengi, kwa hiyo nianze nalo. Fundi mmoja wa rangi za magari aliniuliza kabla hajanipimia chochote: "Kaka, chini umepaka rangi gani?" Nikamjibu ya mafuta. "Basi hii itakukunjia. Rudi ukapake ya maji." Alikuwa sahihi. Rangi ya mafuta hukauka juu kwanza, ndani bado laini. Ukiimwagia kliya yenye tina kali, yaani dawa ya kuyeyushia rangi, tina inapenya, rangi inavimba, na uso wote unajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Rangi ya maji ya akriliki ikishakauka vizuri inakubali karibu kliya zote. Kama unayo ya mafuta tu, iache wiki mbili na zaidi, kisha tumia epoksi au jeli ya kucha, usiguse kliya ya gari.

Namba moja: epoksi ya polepole, ya chupa mbili. Ninamaanisha ile ya kumimina, inayochukua saa nyingi kukauka. Inajaza mikwaruzo, inavumilia meno na mawe, na mpako mmoja mnene unatosha kwa chambo cha kutupa mtoni Kiwira au kwenye miamba ya Ziwa Nyasa. Lakini inadai nidhamu. Vipimo visipolingana na maandishi ya chupa, inabaki inanata milele, na hakuna jua litakaloiokoa. Nunua mabomba mawili ya sindano ya mililita 5 kwenye duka la dawa, moja uliandike A, jingine B, na usiyachanganye hata siku moja. Koroga dakika mbili au tatu, ukikwangua kuta za kikombe na kijiti pia.

Ukiwa dukani msimu wa baridi unaweza kukuta chupa ya resini ina chembe nyeupe kama asali iliyoganda. Haijaharibika. Iweke, ikiwa imefungwa, kwenye maji ya moto yasiyochemka mpaka iwe angavu, iache ipoe, ndipo upime. Hata chupa isiyoganda ipashe kidogo kabla ya kazi, kwa sababu resini baridi ni nzito, inaingia kwenye sindano pamoja na mapovu na kipimo kinakudanganya. Hadena iliyogeuka rangi ya chai iache dukani kama chambo chako ni cheupe.

Kukausha, acha kabisa jiko. Hata bila habari ya utando, mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu. Mimi natumia katoni yenye balbu ya zamani ya waya, wati 40, iliyokaa mbali na karatasi, na kipimajoto ndani. Nalenga nyuzi 25 hadi 30, na ninakuwepo taa ikiwa inawaka. Chambo lazima kizungushwe, la sivyo epoksi yote inashukia tumboni. Wenye mota ya sahani ya maikrowevu wana bahati, mwendo wake wa polepole ndio unaotakiwa. Mimi nageuza kwa mkono kila dakika chache kwa saa ya kwanza na zaidi, mpaka iache kutiririka.

Namba mbili: jeli ya kucha, na taa yake. Wapo wanaocheka, lakini nenda kwenye duka la vifaa vya saluni ukaombe ile ya kumalizia, isiyohitaji kufutwa. Inaganda ndani ya dakika moja au mbili chini ya taa, iwe baridi au ukungu. Kwa vijiko vidogo vya bati (vyambo vyenye umbo la kijiko) na vyambo vya samaki aina ya trauti kule Mufindi, ningeiweka namba moja. Paka mipako mitatu myembamba. Mpako mnene unaganda juu tu, chini unabaki uji. Kama uliyopewa ni ya kufutwa, ule unato wa juu si kosa lako: hewa ya oksijeni inazuia tabaka la juu kuganda, na pamba yenye spiriti inauondoa. Vaa glavu, jeli mbichi inaleta mzio wa ngozi ambao ukishaingia hautoki. Udhaifu wake ni kwamba ni ngumu na nyembamba, ikigonga jiwe inapasuka, na kwa chambo kirefu chupa zinaisha haraka.

Namba tatu: kliya ya gari yenye hadena. Inang'aa kuliko zote na haibadiliki kuwa njano upesi. Ninaishusha hadi namba tatu kwa sababu mbili. Hadena yake ina kemikali inayodhuru mapafu, na kitambaa cha kawaida usoni hakikukingi; mpelekee fundi mwenye barakoa ya kichujio akupulizie vyambo ishirini kwa pamoja. Pili ni namna tunavyoinunua. Hadena ya kupimiwa kwenye chupa ya soda inavuta unyevu wa hewa na kuanza kuganda humo humo. Nunua kopo dogo lililofungwa, ukiliona limevimba au ndani mna uzito wa uji, mrudishie muuzaji. Na gereji usishike chambo kwa mikono iliyogusa dawa ya kung'arishia dashibodi: silikoni yake inaacha vishimo vidogo vya duara ambavyo kliya haitaki kuvifunika. Futa na spiriti, subiri, ndipo upake.

Namba nne: vanishi ya mbao ya mafuta. Rahisi na iko kila duka la vifaa vya ujenzi, na ukichovya chambo mara tatu, siku moja moja kati, utavua nacho perege na kambale Mtera bila shida. Itageuka njano. Itachukua siku nyingi kukomaa kwenye baridi. Na ukiiweka kasha moja na minyoo ya plastiki laini, vitayeyushana.

Vya kutonunua kwa kazi hii: gundi ya epoksi ya dakika tano, ya mirija miwili, inaganda kabla hujamaliza kusawazisha na baadaye inageuka njano, kuteksi isiyo na rangi inaburuta rangi ya chini na kupasuka, kliya ya kopo la kupulizia ni nyembamba mno kuwa ngao peke yake. Supagluu inafifia nyeupe kwenye unyevu, lakini usiitupe. Ni nzuri sana chini kabisa, kuziba mbao kabla ya praima, rangi ya kwanza ya msingi.

Kuziba huko usikuruke. Mbao za paini za Sao Hill ni nyepesi na bei yake inavumilika, ila kifundo kimoja kinatoa utomvu unaosukuma rangi hadi itoboke. Kata kipande kisicho na kifundo. Ziba mbao alasiri inapoanza kupoa. Asubuhi jua likipanda, hewa ndani ya mbao inatanuka na kutoka kupitia mpako, ikiacha mapovu. Tundu la kila skrubu ya ndoana lidondoshee epoksi kabla ya kukaza, maana maji huanzia hapo kuingia, mbao inavimba, na kliya yoyote ile itapasuka.

Vile vyambo vyangu kumi na viwili niliviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu ule utando huyeyuka majini, nikavipiga msasa namba 400 na kuvipaka upya. Tisa vilirudi angavu. Vitatu msasa ulikula magamba, nikavikwangua hadi mbao.