Shamba darasa au redio kwa mkulima wa mpunga?

Indonesia ilianza shamba darasa mwaka 1989: wakulima wapatao 25 hukutana kila wiki msimu mzima, hukagua mashina, huhesabu wadudu waharibifu na buibui wanaowala, huchora walichokiona, ndipo huamua kupuliza dawa au kuacha.

Vietnam, miaka ya 1990, ilipeleka redioni ujumbe mmoja: usipulize dawa ya wadudu siku 40 za mwanzo baada ya kupanda. Viwavi wanaokunja majani hutisha macho, lakini mpunga mchanga huchipua tena. Dawa ya mapema huua buibui, kisha wadudu wa kahawia wafyonzao mashina hufumuka.

Redio hufika mbali kwa gharama ndogo, ila siku ya 41 mkulima hana mwongozo. Shamba darasa humpa, ingawa ni ghali, na mwezeshaji anayehutubia kivulini badala ya kuingia majarubani huliua kabisa.