Matembezi ya Mji wa Kale, Mombasa: Nimelipa, Nimetembea, Nimekula

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena. Leo sina simu wala spika mkononi. Leo nachambua matembezi: muda wa saa nne kwa miguu ndani ya Mji wa Kale, Mombasa, pamoja na mwongozaji mwenyeji. Nimelipa shilingi 2,500 kutoka mfukoni mwangu, hakuna aliyenituma.

Mimi ni mtu wa Nakuru. Mombasa nimeshakuja mara nne, na mara zote nne nilishuka kwenye gari, nikaenda pwani Nyali au Bamburi, nikaogelea, nikarudi nyumbani nikiwaambia watu kwamba naijua Mombasa. Jamani, nilikuwa siijui.

Mwongozaji wetu amezaliwa humu humu Mji wa Kale, na hakutupeleka Fort Jesus kwanza. Hapo ndipo nilipompenda. Wengi wanakuanzishia kwa Wareno na ngome yao hiyo, iliyoanza kujengwa 1593, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa na msitu mtupu. Yeye alituanzishia kwa mbaazi. Saa moja asubuhi tumekaa kwenye benchi la mbao, mahamri yanatoka karaini yakinukia iliki, mbaazi zimeiva kwenye tui zito. Tukamwamkia mama mpishi, “Shikamoo mama.” Akaitikia, “Marahaba wanangu, kuleni kwanza, maneno baadaye.”

Tulipokuwa tunakula ndipo tukaelezwa habari ya Thenashara Taifa. Waswahili wa Mombasa wana mataifa yao kumi na mawili. Kuna Tisa Taifa, ambamo wamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi na Wapate, na kuna Thalatha Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Kilindini! Changamwe! Miaka yote hiyo nilidhani ni bandari na steji ya matatu. Kumbe ni watu, wana koo zao na wazee wao, na tangu zamani walikuwa na mapatano na Wamijikenda wa upande wa bara. Nilipolisikia hilo niliacha kutafuna.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa na maana. Barabara ya Ndia Kuu, kwa mfano. Nilishawahi kudhani mwandishi wa kibao alikosea. Hapana, hicho ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa: njia ni ndia, macho ni mato. Mbele kidogo upo Msikiti wa Mandhry, ule wenye mnara mweupe uliochongoka, ambao historia yake huhesabiwa tangu 1570. Maana yake watu walikuwa wakiswali pale kabla Wareno hawajaweka jiwe la kwanza la ngome yao.

Chakula sasa. Viazi karai kwa ukwaju, safi kabisa. Mkate wa mofa, unaobandikwa ndani ya tanuri la udongo, tulionja kipande kimoja tu kila mtu, na hilo liliniuma. Halafu haluwa. Wanga, sukari, samli na iliki vinakorogwa motoni mpaka mkono wa mpishi uchoke, na unaila kidogo kidogo huku unashushia kahawa chungu kutoka kwenye dele, birika lake la kienyeji. Ni chakula kimoja na cha Muscat kule Omani, na ukikionja unaelewa jahazi zilikuwa zikienda wapi.

Kasoro ipo, na nitaisema. Tulipotezewa karibu dakika arobaini ndani ya duka la zawadi, kutazama vinyago vile vile ninavyoviona Nairobi. Muda huo ungetosha kabisa kukaa na mwoka mofa. Pia tiketi ya Fort Jesus haikuwa ndani ya bei, na hatukuambiwa mapema. Ulizeni kabla ya kulipa.

Ngomeni tulifika mwisho. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Baadaye Wamazrui, ukoo wenye asili ya Omani, wakaitawala Mombasa, na mshairi Muyaka bin Haji akasimama upande wao dhidi ya Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, kwa silaha ya tungo. Mwongozaji akaanza kughani ubeti wa Muyaka pale ukutani. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini, hata hatumjui, akaudaka mshororo wa mwisho akaumalizia. Nilikuwa nimeshika kamera, na nawaomba radhi kwamba picha inatikisika. Nilikuwa nalia.

Alama zangu ni nane kwa kumi, mbili nimezikata kwa ajili ya lile duka. Vaeni nguo za heshima, ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na Ijumaa msipange saa za adhuhuri. Ukimpigia mwongozaji, muulize swali moja tu: tunaanzia wapi? Akikujibu Fort Jesus, tafuta mwingine.

Mimi kesho alfajiri narudi kwa yule mama wa mahamri. Ameniambia Jumamosi hupika vibibi, vile vikate vya mchele na nazi.