Uzoefu wangu: Safari ya kundi Aswan na Abu Simbel, na yale maneno ya mlangoni

Nilijiahidi kwamba sitaandika lolote hadi hasira ipoe, lakini miezi imekatika na hasira iko palepale, kwa hiyo naandika nayo ikiwa bado ya moto. Kampuni siitaji. Habari za hoteli, vyakula na meli ya kutoka Luxor kwenda Aswan mtazisoma kwenye vipeperushi vyao, na kwa upande huo sina malalamiko; hata kitanda cha melini kilikuwa kizuri kuliko changu cha nyumbani. Nataka kusimulia jambo lililotokea mlangoni mwa hekalu la Abu Simbel, jambo ambalo halikuchukua hata dakika moja, na ambalo limeniharibia safari niliyoiwekea akiba kwa miaka minne ya mshahara wa ualimu.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari Mwanza. Tangu niko mdogo nimeishi kando ya ziwa ambalo kila kitabu cha jiografia husema kwamba maji yake huishia Misri, na nilitaka nione yanakoishia. Najua kwamba sehemu kubwa ya maji yanayofika Aswan yanatoka katika milima ya Ethiopia, na kwamba yetu hupotea kwa wingi katika vinamasi vya Sudan Kusini kabla ya kufika mbali. Hata hivyo, mtu huwa na haki ya kuyafuata yale machache yaliyobaki.

Tuliondoka Aswan saa kumi za usiku, tukiwa kundi la watu kumi na tisa, na tukasafiri karibu kilomita 280 za jangwa ambalo mwanzoni halionekani, kisha jua linapochomoza unagundua kwamba halina kitu kingine isipokuwa mchanga na barabara. Kiongozi wa msafara, kijana wa kutoka Dar es Salaam ambaye kila asubuhi alinipa shikamoo kwa heshima zote, alikuwa na kazi ya kututafsiria maneno ya mwongoza watalii wa pale, binti wa Kimisri aliyeijua kazi yake vizuri sana. Ndani ya hekalu waongozaji hawaruhusiwi kutoa maelezo, kwa hiyo binti yule alitukusanya nje, kivulini, akaeleza kwa ufasaha jinsi hekalu zima lilivyokatwa na kuhamishwa kati ya 1964 na 1968, chini ya usimamizi wa UNESCO, ili lisimezwe na maji ya Bwawa Kuu la Aswan. Alieleza kwamba jiwe lilikatwa vipande zaidi ya 1,000, vingi vikiwa na uzito wa tani 20 hadi 30, kila kimoja kikapewa namba, kikapandishwa mita 65 juu na kupangwa upya ndani ya kilima cha kutengenezwa, kwa hesabu kali kiasi kwamba jua bado huingia hadi chumba cha ndani kabisa mara mbili kwa mwaka. Alizungumza kwa dakika kama tano. Kiongozi wetu akageuka, akatutafsiria: "Anasema hekalu lilihamishwa. Haya, mna dakika arobaini."

Hilo nililimeza.

Sanamu nne za Rameses wa Pili, farao wa Misri, zilizoketi pale nje zina urefu wa karibu mita 20 kila moja, na ya pili kutoka kushoto ilivunjika kwa tetemeko la ardhi zamani za kale, kichwa na kifua vikabaki chini mbele ya miguu yake. Kila mtu alikwenda kupiga picha hapo. Mimi nilibaki kwenye njia ya kuingilia, kwa sababu upande wa kushoto, chini ya kiti cha sanamu, kuna safu ya mateka waliochongwa kwenye ukuta, na mateka hao ni watu weusi. Wamepigishwa magoti, mikono yao imefungwa nyuma kwenye viwiko, na kamba moja inapita shingoni mwa mmoja hadi mwingine. Upande wa kulia wamechongwa mateka wa Asia, wenye ndevu. Mchongaji hakuwa na haraka. Alijua nyuso za watu hawa, kwani walikuwa majirani zake, na mmoja wao ana taya ninayoweza kuapa kwamba ni ya mjomba wangu. Nilimwomba kiongozi amuulize yule binti ni watu wa falme gani, na walitekwa katika vita ipi.

Alitazama saa yake. Akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Mwalimu, hapa hatuko darasani. Hao ni watumwa tu. Twendeni ndani, wenzio wanakusubiri juani."

Baadhi ya wenzangu walicheka. Sidhani kwamba walicheka kwa ubaya. Watu wakiwa wamechoka na jua limewapiga, hucheka chochote. Lakini mimi nilikuwa mtu mzima kuliko wote pale, na kijana aliyenipa shikamoo saa tisa usiku ndiye aliyenitia aibu saa mbili asubuhi, na juu ya hayo alikuwa amekosea. Mateka wa vita aliyechongwa ukutani si "mtumwa tu". Amechongwa pale kwa sababu mfalme alitaka kila anayepita amwone adui aliyemhofia. Nchi ya watu hao ilikuwa Nubia, ambayo Wamisri waliiita Kushi, na miaka kama 500 baada ya Rameses, wafalme wa Kushi waliteremka na mto wakaitawala Misri yenyewe. Mmoja wao, Taharqa, alijenga pale kwenye mahekalu ya Karnak, mjini Luxor, na nguzo yake moja ndefu imesimama hadi leo. Kiongozi wetu alikuwa ameiegemea nguzo hiyo siku tatu kabla, akapigwa picha, akaituma nyumbani. Picha ninayo, kwa sababu mpigaji nilikuwa mimi.

Pengine ningesamehe kama ratiba ingefuatwa. Kesho yake tulipaswa kutembelea Makumbusho ya Wanubi mjini Aswan, ambayo kwangu ndiyo yaliyokuwa sababu ya kuichagua kampuni hii na si nyingine. Badala yake basi lilisimama mbele ya duka la manukato. Tulikaa humo saa mbili nzima, tukipakwa mafuta kwenye viganja na nyuma ya masikio mpaka nikawa nanuka kama harusi tatu kwa pamoja, huku kiongozi akinywa chai na mwenye duka kwa raha ya mtu aliyefika kwa shemeji. Sina ushahidi kwamba alipata kamisheni. Nilipouliza kuhusu makumbusho, aliniambia kwamba muda umetubana.

Sasa nalazimika kuwa mkweli, ingawa ukweli huu unanipunguzia ukali. Jioni ileile tulivuka kwa boti kwenda Gharb Soheil, kijiji cha Wanubi chenye kuta za rangi, ambako baadhi ya nyumba hufuga mamba kwa ajili ya wageni. Nilitarajia maonyesho ya kitalii, na kwa sehemu kubwa yalikuwa hayo. Lakini mzee mmoja mwenye nyumba alinikaribisha chai, na tukagundua kwamba tunaweza kuelewana kidogo bila mkalimani: chai, sukari, samaki, saa, dakika. Alionyesha mto akauita bahari, ndivyo wanavyouita kule. Nilipomwuliza kuhusu bwawa, alimwita yule binti wa Kimisri asaidie, kisha akalaza kijiko mezani. Huo ulikuwa mto. Akapanga vibonge vya sukari pande zote mbili, akikitaja kila kimoja kwa jina la kijiji. Halafu, bila haraka yoyote, akaviokota kimoja kimoja akavitia kwenye glasi yake ya chai, akakoroga kwa kijiko kilekile kilichokuwa mto.

Alikuwa mtoto walipohamishwa, katika 1963 au 1964, pamoja na Wanubi wa Misri wapatao 50,000, wakapelekwa upande wa Kom Ombo kwenye nyumba za serikali zilizokuwa mbali na maji. Miaka ileile ambayo mawe ya Rameses yalikuwa yanaandaliwa kupandishwa, kipande kwa kipande, kwa namba.

Tulipokuwa tunapanda boti kurudi niliteleza, na aliyenidaka mkono kabla sijaanguka alikuwa kiongozi yuleyule. "Taratibu, mama," akasema, na akanishika hadi nikaketi, akanifunika na koti lake kwa sababu upepo ulikuwa mkali. Nilianza kujiuliza kama namwonea kijana wa watu. Usiku, kitandani, nikayasikia tena "watumwa tu", na huruma yote ikaniisha.

Niliporejea niliandika barua ya malalamiko ya kurasa mbili. Nilijibiwa kwa mistari mitatu: ratiba inaweza kubadilika bila taarifa. Kuhusu maneno ya kiongozi hawakugusa kabisa. Nikaamua kuwaonya watu wote ninaowafahamu, na nimewaonya kweli, akiwamo dada yangu wa Bukoba, ambaye hakuwa na mpango wowote wa kwenda Misri.

Majuzi wamenitumia ratiba ya msafara mwingine, yenye punguzo kwa wateja wa zamani. Makumbusho ya Wanubi yapo, siku ya sita, asubuhi, na safari hii yametajwa kwa herufi nene. Nimewapigia simu nikauliza kiongozi atakuwa nani, wakasema ni mwingine. Nikawataka waliandike hilo kwa mhuri wa kampuni. Mhuri umefika juzi, na jana nimelipa arubuni.