Roboti Nao kwa mwanafunzi mtafiti: mwaka mmoja naye Tanga

"Kidude hiki kinasema?" Bibi mmoja wa Ngamiani aliniuliza hivyo nilipomtoa Nao kwenye sanduku lake. Hata robo saa haijapita, bibi yuleyule akanigeukia: "Mwambie akae, mwanangu, atachoka." Niliziandika sentensi zote mbili daftarini, moja chini ya nyingine, na miezi iliyofuata yote nimeitumia kuzifuatilia hizo mbili. Kwanza ki-, halafu a-.

Tathmini hii ni ya mwanafunzi anayetaka kuingia kwenye utafiti wa mwingiliano wa binadamu na roboti, ambaye amesikia kwamba chuo chake au chuo cha jirani kina Nao kabatini. Mimi nilimwazima, nikakaa naye mwaka mzima kwa ajili ya tasnifu ya uzamili.

Mwenyewe ni mdogo: urefu sentimita 58, uzito kilo tano na ushei. Ana viungo 25 vinavyosogea, kamera mbili usoni, maikrofoni nne kichwani, na sehemu za kichwa na mikono zinazohisi ukimgusa. Ukibonyeza kitufe cha kifuani mara moja, anakutajia jina lake na anwani yake ya mtandao. Alibuniwa Paris na kampuni ya Aldebaran, iliyoanzishwa mwaka 2005, na mwaka 2008 akachukua nafasi ya Aibo, mbwa wa Sony, kwenye ile ligi ya RoboCup, mashindano ya dunia ya roboti wanaocheza mpira, ambayo timu zote huchezesha roboti wa aina moja. Ndiyo maana maabara nyingi zinaye. Kwa mwanafunzi aliye peke yake hili lina uzito kuliko sifa zote za kiufundi, kwa sababu karibu kila ulipokwama, mwanafunzi wa nchi nyingine alishakwama hapohapo akaandika alivyojinasua.

Mwaka 2025 Aldebaran ilifilisika, mali zake zikanunuliwa na Maxvision ya China. Chuo kikitaka kununua mpya, kiulize kwanza habari za vipuri na matengenezo. Yule aliyeko kabatini anaendelea na kazi zake za msingi, kwa kuwa programu yake imo ndani yake mwenyewe.

Kumfundisha kazi si kugumu. Kuna programu inayoitwa Choregraphe: unaburuta visanduku, unaviunganisha kwa nyaya za kuchora, na jioni ileile roboti anapunga mkono. Ukitaka kwenda mbali zaidi utaandika kwa lugha ya programu ya Python, na hapo kuna jambo la kujiandaa nalo. Maktaba za programu za matoleo mengi ya Nao zinataka Python 2.7, toleo la zamani lililoacha kuhudumiwa Januari 2020. Nilichofanya ni kuandika programu mbili: moja ya kisasa kwenye kompyuta yangu mpakato, nyingine fupi ya 2.7 inayopokea amri na kumpa roboti. Ilinichukua wiki, baada ya hapo sikuigusa tena. Kabla roboti hajafika nilikuwa nikijizoeza na Webots, programu ya kuigiza roboti ambayo tangu 2018 ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Nao wa kuchorwa yumo ndani. Anayesema hawezi kuanza kwa sababu hana roboti, aanzie hapo.

Sasa sauti. Kiswahili hakimo kwenye lugha za Nao. Nikajaribu sauti ya Kiitaliano, maana irabu zake ni kama zetu. "Kaka" na "dada" zilitoka safi kabisa. Lakini Kiitaliano hakitamki h, na "ch" ni k, kwa hiyo "habari" ikawa "abari" na "chai" ikawa "kai". Nikawa naandika Kiswahili kwa tahajia ya Kiitaliano: "ciai" kwa chai, "scicamo" kwa shikamoo. Ch na sh zikapona. Ile h haikupata dawa, na nani atamwambia mzee wa Tanga "abari za asubui" badala ya "habari za asubuhi"?

Nikahamia kwenye sauti za kompyuta za Microsoft, ambazo zina Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Za kwetu zinaitwa Rehema na Daudi. Rehema anatamka vizuri mno. Nikazihifadhi sentensi zake kama faili za sauti, nikampa roboti azicheze kwenye spika zake. Mzee wa kwanza kumsikia aliangalia nyuma ya roboti, akaangalia mlangoni, akauliza, "Huyo mama anayezungumza yuko wapi?" Alikuwa na haki. Sauti ya mtu mzima haiingii kwenye mwili unaolipita goti la mtu mzima kwa kidogo tu. Mwishowe mpwa wangu wa miaka tisa alirekodi sentensi arobaini, kwa ridhaa ya mama yake, sebuleni, feni ikiwa imezimwa. Sauti ikaenea mwilini, na hakuna aliyeuliza tena nani anazungumza.

Ilipokaa sauti ya mtoto, wazee nao wakamshika kama mtoto. Nilikuwa nimemweka juu ya meza ili macho yake yalingane na yao, kama picha nyingi za maabara zinavyoonyesha. Mzee mmoja alikataa kumjibu hadi ashushwe: mtoto haamkii wakubwa akiwa amesimama mezani. Nikamshusha, nikamweka kwenye mkeka. Nikataka pia apige goti wakati wa kuamkia, kama nilivyoona Usukumani, nikagundua kwamba kimojawapo cha viungo vya nyonga vya Nao, upande wa kushoto na wa kulia, kinaendeshwa na mota moja. Huwezi kukisogeza kila upande kivyake, na goti moja chini likawa kazi ya siku nyingi kwa faida ndogo. Niliridhika na kuinamisha kichwa na kifua kidogo. Kutembea nilikuacha kabisa: mkeka wa ukili una mikunjo, na nyayo zake zinataka sakafu sawa.

Betri yake ni ya saa moja hadi saa na nusu, na akisimama muda mrefu mota za miguu zinapata joto, kwa sababu hata kusimama tu kwake ni kazi. Inabidi umkalishe kati ya mshiriki mmoja na mwingine. Bibi aliyesema atachoka alikuwa sahihi kihandisi.

Nirudi kwenye ki- na a-, maana hapa ndipo ninapomshukuru roboti huyu. Watafiti wengi wa fani hii hupima namna watu wanavyomwona roboti kwa dodoso la Godspeed, lililotolewa mwaka 2009 na Christoph Bartneck na wenzake. Lina vipimo vitano: kufanana na mtu, uhai, kupendeka, akili, na usalama. Kila swali linakupa maneno mawili yanayopingana na nafasi tano katikati. Nikakaa kulitafsiri. Kwenye kipimo cha uhai kuna jozi ya maneno ambayo kwa Kiswahili ni "mfu" na "hai". Nilipomsomea bibi mmoja alishtuka. "Mfu ni aliyekuwa hai akafa. Huyu alikufa lini?" Nililiweka dodoso kando siku ile, nikabaki na kinasa sauti.

Kiswahili chetu hupima chenyewe. Mtu akizungumza juu ya kilicho mbele yake hana budi kuchagua: kimesema, imesema, au amesema. Hachagui kwa kufikiria dodoso wala kwa kutaka kumfurahisha mtafiti, linamtoka tu. Nikaanza kuhesabu viambishi. Tahadhari ipo, na msimamizi wangu alinisisitizia: akitamka "kidude", sarufi yenyewe inamlazimisha kusema ki-. Kwa hiyo nilihesabu vitenzi vile tu ambavyo mzungumzaji hakuvitanguliza na jina lolote. Hesabu zenyewe sitaziweka hapa hadi tasnifu isahihishwe, ila kuna jambo moja nililoliona kwa macho. Betri ilipoisha katikati ya mazungumzo, mzee aliyekuwa akisema "anacheka, anaangalia", alisema "kimezima". Neno moja, na nafsi ikaondoka.

Sehemu kubwa ya majibu ya Nao nilikuwa nikiyabonyeza mwenyewe, nimekaa nyuma ya pazia la kanga. Ni mbinu inayokubalika kwenye fani, mradi uandike wazi kwenye ripoti ulichokiendesha kwa mkono na uwaambie washiriki ukweli mwishoni. Kwa Kiingereza mbinu hiyo imepewa jina la mchawi wa hadithini (Wizard of Oz), na mwanafunzi wa kwetu nakusihi usilitafsiri neno hilo mbele ya washiriki. Mimi nilisema, "Nilikuwa nikimwongoza kwa kompyuta, naomba radhi kwa kutowaambia mapema." Wengi waliomba waje nyuma ya pazia wabonyeze na wao. Siku zote niliwaruhusu, na kwangu ndizo zilizokuwa saa bora za utafiti mzima.

Upande wa fursa, ujue kwanza mkutano wa HRI, yaani wa mwingiliano wa binadamu na roboti, unaoandaliwa na ACM pamoja na IEEE, vyama vya kimataifa vya wanakompyuta na wahandisi. Ulianza Salt Lake City mwaka 2006, na miaka ya karibuni umekuwa Stockholm, Boulder na Melbourne. Usianze kwa kuogopa makala ndefu. Kuna ripoti fupi za kazi zinazoendelea, kuna mashindano ya ubunifu ya wanafunzi, na kuna HRI Pioneers, warsha ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu inayofanyika pamoja na mkutano. Unaomba kwa maelezo mafupi ya utafiti wako, na ukichaguliwa unakutana na wenzako na watafiti waliokutangulia. Tiketi na viza ni mzigo mzito kwa mtu wa huku, kwa hiyo uliza habari za ufadhili siku ileile unapoanza kuandika.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Kigali. Chuo cha Carnegie Mellon Africa kina Pepper, kaka yake Nao mwenye sentimita 120, na mradi ulioongozwa na David Vernon kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, wa kumfundisha roboti adabu za Kiafrika: salamu, ishara za mkono, namna ya kumkaribisha mgeni. Programu zao wameziweka wazi. Niliposoma walichokusanya juu ya Rwanda niliona swali langu la meza na mkeka lina ndugu.

Nampa Nao nne kati ya tano kama kifaa cha mwanafunzi. Moja nimeiondoa kwa sababu ya lugha: tunalipa kwa jasho kile ambacho mwanafunzi wa Roma anakikuta tayari ndani ya sanduku. Kama utafiti wako ni wa sura na macho tu, roboti Furhat wa Stockholm, ambaye uso wake ni picha inayomulikwa kutoka ndani, atakufaa zaidi. Kama ni wa kushika na kubeba vitu, tafuta mkono wa roboti, maana vidole vya Nao havina nguvu hiyo. Ukiwa na pesa zako mwenyewe usimnunue, bei yake ni ya chuo. Lakini kama yuko kabatini na hakuna anayemtumia, andika barua ya kumwazima wiki hii, kisha anza mapema safari ya vibali: barua ya chuo, ofisi ya mkoa, wilaya, hadi kwa mtendaji wa kata.

Beba mkeka wako, waya mrefu wa umeme, na betri ya akiba kama ipo. Faili arobaini za sauti ya mpwa wangu ninazo, na yeyote anayefanya utafiti wa salamu nitampa, baada ya mimi kumuuliza tena mama yake. Sentensi ya "shikamoo" ameirekodi mara tatu: kwa bibi, kwa mwalimu, na kwa mgeni asiyemjua. Ukizisikiliza kwa makini utaona hazifanani.