Nilivyoilea injini mpya ya Subaru yangu: kilomita 1,600 za barabara ya Mtera

Injini ya kwanza niliiua mwenyewe. Nilikuwa narudi Dodoma usiku nikitokea Morogoro, kijiti cha oili sijakigusa zaidi ya mwezi, na nilipokaribia Gairo nikasikia ka-ka-ka-ka kutoka chini. Mwenye Subaru akisikia mlio huo anajua hela imeshaondoka. Beringi ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ilikuwa imenoki, yaani imelika, na gari ikaingia mjini asubuhi ikiwa imebebwa.

Ni Impreza WRX ya mtumba wa Japani, injini EJ20 ya tabo (feni inayoisukumia injini hewa), boksa ya silinda nne, yaani pistoni zimelala kushoto na kulia, cc 1,994, gia za mkono. Ningeweza kuagiza injini ya mtumba kutoka Dar na kuifunga wiki ileile, lakini injini ya mtumba ni bahati nasibu, nami bahati yangu naijua. Nikaamua iliyopo ijengwe upya: silinda zichongwe, pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za mwanzo), ringi mpya, zile pete za pistoni zinazoziba ukuta wa silinda, beringi zote mpya. Ufundi peke yake laki nane, vipuri sivitaji maana mke wangu anasoma.

Gereji siitaji jina, nitasema tu iko Dodoma mjini. Niliahidiwa wiki mbili, ikawa wiki tano. Wakati mbaya kuliko wote ulikuwa mchana mmoja wa upepo, nimefika nikakuta bloku iko wazi mezani, na mnalijua vumbi la Dodoma. Nilikwenda dukani mwenyewe kununua nailoni ya kufunikia. Fundi akacheka, akasema, "Bosi, tungeiosha tu." Labda. Lakini siku hiyohiyo alinionyesha kitu kilichonifanya nimsamehe. Aliniambia niinamishe kichwa nitazame ndani ya silinda kwa tochi ya simu. Ukuta ulikuwa na mistari myembamba ya mshazari inayokatana, kama ukili uliosukwa. "Hii siyo mikwaruzo," akasema. "Hapa ndipo oili inakaa, na hapa ndipo ringi itajisaga mpaka ikae sawa. Una siku chache tu za kuikalisha. Mistari ikishasagika kabla ringi haijakaa, basi utakuwa unanunua oili kama unanunua maziwa ya mtoto."

Hapo ndipo ushauri wa mtaani ulipoanza kunichanganya. Mzee jirani yangu, ambaye namwita baba mdogo, aliendesha Land Rover za serikali miaka mingi, na yeye alishikilia mwezi mzima nisipite 40, nisikanyage mafuta, niiache iungurume uani kila asubuhi nusu saa ili "izoee". Fundi aliposikia alishika kichwa. Maelezo yake, ambayo baadaye nimeyakuta hivyohivyo kila nilikosoma: ringi haibanwi ukutani na nguvu yake ya springi peke yake, inabanwa na presha ya moto inayopita nyuma yake pale injini inapofanya kazi. Ukiidekeza, presha ni ndogo, oili inaungulia ukutani, na silinda inakuwa laini kama kioo. Ringi haitakaa tena hapo. Kuiacha iungurume uani ndiyo kabisa. Lakini pia siyo kuikanyaga mpaka mwisho, maana sehemu mpya zinazosuguana hutoa joto jingi. Kitabu cha Subaru kwa gari mpya kinasema kilomita 1,600 za mwanzo usivuke mizunguko 4,000 kwa dakika, usikae muda mrefu kwenye spidi moja, usiondoke kwa fujo wala kufunga breki kwa nguvu bila sababu.

Siku ya kuwasha, alichomoa koili za plagi na fyuzi ya pampu ya mafuta, akapiga stata peke yake, akapumzika, akapiga tena, mpaka taa ya oili kwenye dashibodi ikazimika. Ndipo akarudisha kila kitu. Iliwaka mara ya pili, na moshi kidogo, na harufu ya kitu kipya kinachoungua. Hatukuiacha iungurume imesimama muda mrefu. Ilipopata moto wake tukashika barabara ya Kondoa, tukapita Veyula kuelekea Makutupora, nami usukani. Gia ya tatu, kutoka mizunguko 2,000 nakanyaga taratibu mpaka 3,500, naachia mguu kabisa, gari inajivuta yenyewe kurudi chini. Tena. Tena. Tulifanya kama mara kumi na tano, bodaboda wa nyuma alidhani najifunza kuendesha.

Oili ya kwanza ilikuwa ya kawaida, siyo sintetiki. Muuzaji alishangaa mwenye tabo kuulizia ile ya bei ya chini. Tuliimwaga kwenye kilomita 80, ndani ya beseni jeupe. Ukiitingisha juani inameta kama rangi ya kucha. Nilishtuka. Fundi akachovya vidole viwili, akavisugua, akasema ni vumbi tu la kusagana, kingekuwa kipande ningekisikia. Kwenye kilomita 500 tukamwaga tena, ikawa nyeusi ya kawaida, haimeti.

Baada ya hapo nikawa na barabara yangu: ya Iringa, inayopita Mtera. Kwenda kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali, nilipanda daladala wiki mbili nzima, kwa sababu safari fupi ya foleni haimsaidii mtu. Jumamosi alfajiri ndiyo siku ya gari. Mpunguzi, Mlowa Barabarani, Fufu, ambayo ni kama kilomita 70 kutoka mjini. Sikuwahi kufikiri nitakishukuru kibao cha 50, lakini kila kijiji kinakulazimisha ushuke, kisha upande tena gia kwa gia, na injini mpya inataka hivyohivyo. Mteremko wa Fufu niliushuka kwa gia, mguu haupo kwenye mafuta. Ukiachia hivyo, pistoni zinanyonya oili kuja juu na kuosha ukuta. Trafiki mmoja mwenye tochi alinisimamisha, akataka kujua kwa nini naongeza na kupunguza kama mlevi. Nikamweleza. Akaniomba nifungue boneti aione tabo.

Mtera, penye bwawa, nilikuwa nasimama, lakini sizimi mara moja. Naiacha dakika moja mbili tabo ipoe. Kina mama wa samaki wanakuwa wameshafika dirishani, perege wa kukaanga kwenye sinia, na kila mara niliondoka nimenunua.

Kilichoniudhi: kwenye kilomita 200 hivi, kupanda kurudi mjini, mshale wa joto ukaanza kusogea. Klipu moja ya mpira wa rejeta haikuwa imekazwa, maji yanatiririka kidogokidogo. Injini ya mamilioni, klipu ya buku mbili. Na hawakuniandikia vipimo vya pistoni na beringi, nimeomba mara tatu.

Injini yenyewe lakini sina neno nayo. Kati ya kilomita 80 na 500 ilikula karibu nusu lita ya oili. Kutoka 500 mpaka 1,600 alama kwenye kijiti haikushuka hata upana wa ukucha, na bomba la nyuma ni kavu. Nilipofikisha 1,600 nilivuka Mtera, nikapita Migoli, nikaingia kona za Nyang'oro. Kwenye mlima, gia ya tatu, nikaiachia mpaka 5,500 kwa mara ya kwanza. Ilipanda bila kusitasita.

Sasa ina kilomita 2,340. Sintetiki imeingia juzi, klipu nimebadilisha zote mwenyewe, na baba mdogo bado anasema nimeiharakisha.